Kulipa Kodi ya Nyumba kwa Pensheni Ndogo: Mwongozo kwa Mstaafu wa Sekta Binafsi

Pensheni huingia kila mwezi, lakini kodi ya nyumba katika Dar es Salaam, Mwanza, Arusha na miji mingine mingi ya Tanzania hudaiwa kwa miezi mitatu, sita, au hata mwaka mzima kwa pamoja. Mtu akiwa kazini huivuka hali hiyo kwa njia za pembeni: mkopo wa mwajiri, posho ya safari, malipo ya saa za ziada, au zamu yake katika mchezo wa kupeana na wenzake wa ofisini. Siku anapostaafu njia hizo zote hufungwa kwa wakati mmoja, na mwenye nyumba hana sababu ya kubadilisha utaratibu wake. Ndiyo maana utawakuta wastaafu ambao kodi yao ya mwezi ni ndogo kuliko pensheni yao, na bado kila baada ya miezi sita wanahangaika kutafuta mtu wa kuwakopesha. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu wa namna hiyo, yaani mpangaji aliyefanya kazi kiwandani, hotelini, katika shule binafsi au kampuni ya ulinzi, akachangia NSSF, yaani mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, na sasa anastaafu bila nyumba yake mwenyewe.

Anza na kiasi utakachopata, miaka kadhaa kabla ya kustaafu

Umri wa kustaafu kwa hiari ni miaka 55 na wa lazima ni miaka 60, na ili kulipwa pensheni ya kila mwezi ni lazima uwe umechangia si chini ya miezi 180, ambayo ni miaka 15. Aliyepungukiwa miezi hiyo hulipwa fedha zake kwa mara moja na hana pensheni. Kwa mtu anayepanga nyumba, tofauti kati ya hali hizi mbili ni kubwa kuliko inavyoonekana kwenye karatasi. Mwenye miezi 165 au 170 asikimbilie kujaza fomu za kuchukua mafao kabla hajakaa na ofisa wa mfuko na kuuliza ni kwa njia gani anaweza kuikamilisha miezi iliyobaki.

Omba taarifa ya michango yako mapema, tuseme ukiwa na miaka 50, kisha uilinganishe na hati zako za mishahara mwezi kwa mwezi. Wapo waajiri waliokata mchango kwenye mshahara wa mfanyakazi bila kuuwasilisha, na ni rahisi zaidi kulifuatilia jambo hilo kampuni ikiwa bado ipo na mhasibu wake bado anakukumbuka kuliko kulifuatilia miaka kumi baada ya geti lake kufungwa.

Hesabu yenyewe haihitaji mtaalamu. Idadi ya miezi uliyochangia hugawanywa kwa 580, kisha jibu lake huzidishwa kwa wastani wa mshahara wako wa mwaka, ambao hupatikana kutoka katika miaka mitatu yenye mishahara bora zaidi ndani ya miaka kumi ya mwisho. Hapo unapata pensheni kamili ya mwaka. Sehemu yake hulipwa kwa mkupuo, na iliyobaki hugawanywa kwa miezi 12. Kanuni za mwaka 2022 ziliweka sehemu ya mkupuo kuwa asilimia 33, na katika bajeti ya mwaka 2024 Serikali ilitangaza kuipandisha hadi asilimia 40 kwa waliokuwa wakipata asilimia 50 kabla ya mabadiliko, na hadi asilimia 35 kwa waliokuwa wakipata asilimia 25. Mkupuo hupatikana kwa kuzidisha sehemu hiyo kwa 12.5.

Tuchukue mfano wa mama aliyekuwa mhudumu wa hoteli, ambaye wastani wa mshahara wake bora ni shilingi 600,000 kwa mwezi, sawa na 7,200,000 kwa mwaka, na ambaye amechangia kwa miaka 20, yaani miezi 240. Pensheni yake kamili ya mwaka ni takriban shilingi 2,979,000. Yumo katika lile kundi la pili, kwa hiyo kwa mkupuo wa asilimia 35 atapokea kama shilingi milioni 13 kwa mara moja, na kisha takriban shilingi 161,000 kila mwezi. Tutaendelea naye mama huyu hadi mwisho, kwa sababu hali yake si ya ajabu: ana milioni 13 mkononi, 161,000 kwa mwezi, na mwenye nyumba anayetaka kodi ya miezi sita.

Kodi unayoweza kuibeba

Watu wengi hupima kodi kwa kuuliza kama pensheni inatosha kuilipa. Swali hilo lina kasoro, maana pensheni ya 161,000 inatosha kulipa kodi ya 150,000, ila mlipaji hatakula. Kipimo ninachokipendekeza ni theluthi moja: sehemu ya kodi inayotoka kwenye pensheni ya kila mwezi isizidi theluthi ya pensheni hiyo, na chochote kinachozidi hapo kiwe na chanzo kingine kinachojulikana kwa jina. Kwa mama wetu theluthi ni kama shilingi 54,000. Kiasi hicho kinaweza kupata chumba kimoja katika nyumba ya Kiswahili pembezoni mwa jiji, lakini hakimpi chumba na sebule chenye choo ndani, na mtu wa miaka 60 anayeamka usiku mara tatu ana sababu nzuri ya kutaka choo ndani.

Katika hesabu hiyo usisahau vitu vinavyoambatana na kodi bila kuitwa kodi. Yapo maji, ambayo katika nyumba nyingi hugawanywa kwa vichwa na si kwa matumizi, kwa hiyo mzee anayeishi peke yake ajihakikishie mapema kwamba hatahesabiwa sawa na familia ya watu sita. Upo mchango wa ulinzi shirikishi na ada ya taka. Upo pia ujira wa dalali, ambao kwa desturi ni kodi ya mwezi mmoja, na ambao hulipwa upya kila unapohama. Ujira huo peke yake ni sababu tosha ya kutohamahama.

Mkupuo uwe ndio mlipaji wa kodi

Hapa ndipo uamuzi mkubwa ulipo. Mkupuo ukishaingia, mashauri huja kutoka kila upande: kuku wa mayai, bodaboda ya kumkabidhi mpwa, duka la jumla, kiwanja cha bei poa ambacho hakijapimwa. Sina ugomvi na biashara, lakini mtu ambaye hajawahi kufuga kuku hata mmoja asijifunze ufugaji kwa fedha ya paa la kichwa chake. Kwa mpangaji, kazi ya kwanza ya mkupuo ni kuzaa kodi.

Namna mojawapo iliyo wazi ni hati fungani za Serikali, yaani kuikopesha Serikali fedha yako kwa riba, ambazo huuzwa kwa mnada na Benki Kuu ya Tanzania kwa vipindi vinavyofika hadi miaka 25, na ambazo kima chake cha chini ni shilingi milioni moja. Riba yake huingia kwenye akaunti ya mwekezaji kila baada ya miezi sita. Ni mzunguko ule ule wa kodi ya nyumba, na jambo hilo huleta unafuu mkubwa. Kwa ajili ya hesabu tu, tuseme toleo fulani linalipa riba ya asilimia 12 kwa mwaka; kiwango halisi hutangazwa kwa kila toleo na hubadilika. Mama wetu akiweka shilingi milioni 10, atapata 1,200,000 kwa mwaka, yaani 600,000 kila miezi sita. Hiyo ni kodi ya 100,000 kwa mwezi, iliyolipwa bila kugusa hata senti moja ya pensheni. Ile 161,000 inabaki kuwa ya chakula, nauli, dawa na sadaka.

Mambo matatu yanapaswa kuangaliwa katika mpango huo. La kwanza, riba ya kwanza haifiki siku ya kununua bali miezi sita baadaye, kwa hiyo kodi ya nusu mwaka wa kwanza lazima itoke kwenye ile milioni tatu iliyobaki: 600,000 za kodi na 100,000 za dalali, kisha inabaki kama milioni 2.3 ya kuhamia na ya dharura. La pili, riba ya hati fungani haipandi, ilhali kodi hupanda. Kodi ya 100,000 ya leo haitakuwa 100,000 baada ya miaka kumi, na kwa hiyo mwaka ambao mambo ni mazuri usiile riba yote. La tatu, fedha imefungwa. Unaweza kuiuza hati yako kwa mwingine kupitia wakala wa soko la hisa, lakini bei utakayoipata siku hiyo inaweza kuwa chini ya ile uliyonunulia, hivyo usiweke humo fedha ambayo unajua utaihitaji mwakani.

Kwa asiyependa kushughulika na mnada, iko mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT AMIS. Mfuko wa Hati Fungani unao mpango wa kulipa gawio kila mwezi au kila miezi sita, na kwa mpangaji ningechagua ule wa miezi sita, kwa sababu fedha inayokuja kidogo kidogo huondoka kidogo kidogo. Mfuko wa Ukwasi unafaa kwa akiba ya dharura, kwani fedha hutolewa ndani ya siku chache. Faida ya mifuko hii haijawekewa dhamana, na mwenye kukuahidi asilimia 20 kwa mwezi kwa jina lolote lile anakutapeli.

Kabla ya yote hayo, lipa madeni yenye riba. Hakuna maana ya kupokea asilimia 12 kwa mkono mmoja huku mkono mwingine ukilipa asilimia 10 kwa mwezi kwa mkopeshaji wa mtaani.

Vipi kuhusu kujenga? Swali hili huulizwa kila mara, na jibu linategemea ulipofika. Mwenye kiwanja kilichopimwa na pagale lililofika kwenye linta anaweza kutumia sehemu ya mkupuo kuezeka, kuweka mlango wa chuma na choo, kisha akahamia akiwa na chumba kimoja kilichokamilika na madirisha mengine yakiwa yamezibwa kwa mabati. Watu wengi wa Dar es Salaam wamehama kodi kwa njia hiyo, na hakuna aibu ndani yake. Lakini mwenye kuanzia sifuri, asiye na kiwanja, akiiweka milioni 13 yote kwenye ardhi na tofali atakuwa na msingi na kuta huku akiendelea kupanga, na kodi ya miezi sita ijayo haitakuwa na pa kutokea.

Kuzungumza na mwenye nyumba

Tangu Sheria ya Udhibiti wa Kodi za Pango ilipofutwa mwaka 2005, hakuna chombo kinachopanga kiwango cha kodi, na idadi ya miezi inayolipwa mbele hutokana na makubaliano. Maana yake ni kwamba mazungumzo ndiyo sheria yako, na mstaafu anazo hoja nzuri kuliko anavyodhani.

Mwenye nyumba hudai miezi sita kwa sababu mbili. Anahitaji fedha nyingi kwa pamoja kwa ajili ya ada za shule au ujenzi, na anaogopa mpangaji asiye na kipato cha uhakika. Hofu ya pili unaweza kuimaliza kabisa, kwa sababu kipato chako ni cha uhakika kuliko cha kijana mwenye biashara ya msimu. Nenda na taarifa ya benki inayoonyesha pensheni ikiingia kila mwezi. Nenda pia na stakabadhi za kodi za nyumba uliyotoka. Kisha sema wazi, kwa mfano: "Mama, mimi ni mstaafu, sinywi, sina wageni wa usiku, na pensheni yangu inaingia kila mwezi kama unavyoona hapa. Naomba nilipe miezi mitatu mitatu, na tarehe ya kulipa iwe wiki moja baada ya pensheni kuingia." Dar es Salaam ya sasa ina wenye nyumba wengi walio vijana, ambao watakuamkia shikamoo kwa adabu zote na katika pumzi hiyo hiyo wakataje kodi ya mwaka. Usiionee haya shikamoo hiyo, itumie.

Ikiwa mwenye nyumba hataki kushuka chini ya miezi sita, geuza hoja. Mwenye riba ya hati fungani au akiba ya kutosha anaweza kukubali miezi sita, au hata mwaka mzima, kwa kubadilishana na kitu: kodi isipande kwa miaka miwili, au ipungue kidogo, au mwenye nyumba afanye matengenezo ya choo kabla ya kuhamia. Kulipa mwaka bila kupata chochote ni zawadi kwa mtu asiyekuomba. Na usilipe mwaka mzima kwa nyumba usiyowahi kuiona mvua ikinyesha, hasa katika maeneo ya mabonde. Waulize majirani maji hufika wapi mwezi wa nne.

Njia nyingine ni kodi kukatwa kwa matengenezo. Nyumba haina dari, au haina choo cha kukaa, na mwenye nyumba hana fedha. Wewe unagharamia, naye anakukata katika kodi. Ni mpango mzuri endapo tu gharama imeandikwa, imesainiwa, na idadi ya miezi itakayokatwa imetajwa. Bila maandishi, aliyetengeneza nyumba hupandishiwa kodi kwa sababu nyumba sasa ni nzuri.

Lipo pia jambo ambalo wastaafu wachache hulifikiria: nyumba zinazohitaji mkaaji. Mji umejaa nyumba zilizokamilika nusu, au za watu wanaoishi nje ya nchi, ambazo wenyewe wanatafuta mtu mzima wa kuaminika wa kukaa humo ili zisiibiwe milango na nyaya. Mstaafu mwenye pensheni ndogo hutosha kabisa kwa nafasi hiyo, na anaweza kukaa bila kodi au kwa kodi ndogo. Sharti ni kuwe na barua inayosema unakaa kama nani, nani analipa umeme na maji, na utapewa taarifa ya miezi mingapi mwenye nyumba akitaka kurudi. Bila barua hiyo unaweza kuambiwa Ijumaa uondoke Jumapili.

Mkataba na LUKU

Mkataba wa pango uandikwe hata kama mwenye nyumba ni ndugu. Utaje kodi, kipindi kinacholipiwa, tarehe ya kulipa, namna ya kupandisha kodi, na muda wa taarifa ya kuondoka kwa kila upande. Ni vyema mwenyekiti wa serikali ya mtaa au mjumbe akashuhudia, na kila malipo yafanyike kwa benki au simu ili ushahidi ubaki, au stakabadhi itolewe.

Angalia pia mita ya umeme. Kodi ya majengo hukusanywa kupitia LUKU, na tangu mwaka 2023 ni shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, hivyo anayenunua umeme ndiye anayekatwa, ingawa kodi hiyo kisheria ni ya mmiliki. Kwa mwaka ni 18,000. Iandikwe katika mkataba kwamba itakatwa kwenye kodi ya nyumba. Wenye nyumba waungwana hukubali bila ubishi, na wasiokubali wamekuonyesha tabia yao mapema. Kwa upande wa bei, mteja wa majumbani aliye katika kundi la matumizi madogo, asiyezidisha uniti 75 kwa mwezi, hulipa bei nafuu sana kwa uniti kuliko mteja wa kawaida. Mzee anayetumia taa, redio, simu na feni anaweza kuishi ndani ya uniti hizo, lakini wapangaji wanne wanaochangia mita moja hawawezi. Kwa hiyo chumba chenye mita yake, hata kikizidi kodi kwa shilingi elfu chache, huenda kikawa rahisi zaidi mwisho wa mwezi.

Mji gani, mtaa gani

Pensheni inaingia benki popote ulipo, na hakuna tena kazi ya kuwahi saa moja asubuhi. Hicho ndicho kitu pekee ambacho mstaafu anacho na mfanyakazi hana. Kodi ya Sinza au Kinondoni inabeba ndani yake bei ya kuwa karibu na kazi, na wewe sasa unailipia bure. Chanika, Mbagala ya ndani, Kibaha, Mlandizi au Mkuranga zina kodi za chini, na tangu Juni 2024 treni ya SGR imeifanya hata Morogoro kuwa ya kufikirika, kwa kuwa nauli ya kawaida kutoka Dar es Salaam ilianza kwa shilingi 13,000 na safari haifiki saa mbili kwa treni ya haraka.

Hata hivyo usihamie mahali kwa sababu ya kodi peke yake. Mwenye kisukari au presha anayehitaji kliniki kila mwezi ahesabu nauli ya kliniki kama sehemu ya kodi. Kama ni daladala mbili kwenda na mbili kurudi, pamoja na bodaboda ya kutoka stendi, unafuu wa shilingi 30,000 unaweza kuishia barabarani. Angalia pia kama kuna wakala wa benki kwa miguu, zahanati ya Serikali, na mtu mmoja angalau anayekujua. Kurudi kijijini baada ya miaka 35 ya mjini hupendekezwa sana na watu ambao hawajarudi. Nenda kwanza ukapange huko miezi mitatu, katika msimu wa mvua, kabla ya kuuza kitanda.

Watoto na kuishi pamoja

Ahadi ya watoto ya "tutakutumia chochote" ni njema lakini mwenye nyumba haipokei. Kama watoto wapo na wana uwezo, waombe wachukue jambo moja lenye kiasi na tarehe, kwa mfano kila mmoja wa watatu alipe 20,000 kwa mwezi moja kwa moja kwenye akaunti ya kodi, akaunti ambayo haina kadi na haitumiki kwa kitu kingine. Mtoto huona wepesi kulipa kodi ya mama kuliko kutuma fedha ambayo hajui imeenda wapi, na mama hapaswi kupiga simu ya kuomba kila mwezi.

Kuishi na mstaafu mwenzio nako kunafaa kufikiriwa. Wajane wawili waliofahamiana kanisani au msikitini wanaweza kupanga vyumba viwili na sebule, kila mmoja akalipa kidogo kuliko angelipa peke yake, na usiku mmoja akiugua kuna wa kuita jirani. Majina yao yote mawili yawe kwenye mkataba.

Upande wa matibabu niseme kwa kifupi: Sera ya Afya ya mwaka 2007 inatoa msamaha wa gharama kwa wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo, katika vituo vya Serikali, na kitambulisho chake huanzia serikali ya mtaa. Kiombe mapema, kwa sababu gharama ya matibabu ndiyo inayokula kodi za wazee wengi.

Mwezi unapokwama

Ukiona kodi haitatimia, mwambie mwenye nyumba kabla ya tarehe, ukiwa na sehemu ya fedha mkononi na tarehe ya kumalizia. Anayekuja na nusu kabla ya siku husikilizwa. Anayejificha hufungiwa mlango. Usiende kwa mikopo ya kausha damu hata kwa wiki moja. Mikopo ya benki kwa wastaafu ina riba ndogo kuliko hiyo, lakini hukatwa kwenye pensheni kwa miaka, kwa hiyo isitumike kulipa kodi ambayo miezi sita ijayo itadaiwa tena.

Mwenye nyumba akifunga mlango, akang'oa bati au akatoa vyombo nje kwa nguvu, anzia kwa mwenyekiti wa mtaa. Baraza la Kata husuluhisha, na shauri likishindikana hupelekwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Asiye na fedha ya wakili anaweza kutafuta msaada wa kisheria, ambao umewekewa utaratibu na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Huko kote utaulizwa mkataba na stakabadhi.

Ziweke basi hati hizo katika mkoba mmoja pamoja na namba yako ya uanachama, kitambulisho cha taifa, vyeti vya ndoa na vya kuzaliwa vya watoto, na hati ya uwekezaji. Uhakiki wa wastaafu ukitangazwa, uitikie mara moja, kwa sababu pensheni ikisimamishwa kwa miezi miwili kodi haisimami nayo. Na yeyote anayepiga simu akitaka fedha ili "kuharakisha mafao" akatiwe simu. Mwenzi wako ajue mkoba ulipo na jina lake liwe kwenye mkataba wa pango, kwani mstaafu akifariki, madai ya mafao ya warithi huchukua muda, na katika muda huo mjane anahitaji kuwa mpangaji anayetambulika katika nyumba aliyomo.